Nina milioni moja na laki nane: nianze na kipi kwenye kompyuta ya gemu?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Mikindani, nina miaka 22. Mama amenigawia 1,800,000 kutoka malipo ya korosho za Tandahimba, na msimu ujao ameniahidi kama milioni moja nyingine. Nataka kompyuta ya gemu: FC, GTA V, Valorant na washikaji, na Mungu akijalia GTA VI. Duka moja la Dar wananipa "i7-3770, RAM 16, kadi ya 4GB, pawa 500W, kasha la kioo lenye taa" kwa hela hiyohiyo yote. Niichukue au niunge mwenyewe? Nikiunga, nianze na kipi ili msimu ujao niongezee tu, nisinunue upya? Skrini sina, nina TV ya inchi 32. Chumba changu kiko karibu na bahari, umeme unakatikakatika, na ndimo tunamowekea salfa ya mikorosho.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo ya dukani iache, na usitume hata advansi.

Kinachokuuzia pale ni neno "i7". Lakini i7 ni jina la ngazi tu, na kila kizazi cha prosesa za Intel kina i7 yake. Hiyo 3770 ilitoka mwaka 2012. Inatumia RAM ya kizazi cha zamani, DDR3, na soketi yake, yaani tundu inamokaa prosesa, ni LGA1155, ambayo haijapata prosesa mpya kwa zaidi ya miaka kumi. Maana yake siku ukitaka kuongeza nguvu hakuna cha kuongeza: prosesa, mazabodi (ubao mkuu unaobeba vifaa vyote) na RAM vyote vinatoka kwa pamoja. Tena Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane cha Intel, hiyo ni ya tatu. Windows 10 nayo iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Na Valorant kwenye Windows 11 haifunguki bila TPM 2.0 na Secure Boot, ambavyo ni ulinzi wa ndani ya kompyuta yenyewe. Kwa hiyo moja kati ya gemu ulizonitajia inakuletea shida kabla hujacheza hata raundi moja.

Hiyo "kadi ya 4GB", yaani kadi ya picha, wala hawakukutajia jina lake. Muuzaji asiyetaja jina la kadi ana sababu.

GTA VI iweke pembeni kwanza. Rockstar walipoitangaza walitaja PS5 na Xbox Series peke yake. Kadi utakayonunua leo kwa ajili yake utakuwa umeinunua bila kujua gemu lenyewe linadai nini.

Sasa swali lako la msingi, nianze na kipi. Ushauri unaosikia kila mahali ni kwamba kwenye kompyuta ya gemu hela nyingi iende kwenye kadi. Ni kweli kwa mtu mwenye hela yote mkononi siku moja. Wewe hela yako inakuja na mnada, sehemu sasa, sehemu baada ya mwaka. Kwako nageuza mpangilio: msimu huu nunua vile vitakavyobaki miaka sita au saba ndani ya kasha, na uvinunue vizuri, yaani pawa saplai (kinachogawa umeme ndani ya mashine), mazabodi, UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) na kasha lenyewe. Kadi, ambayo ndiyo inayozeeka haraka kuliko vyote, iwe ya mwisho. Kwa mwaka mmoja picha zitatoka kwenye prosesa yenyewe, na nitakuonyesha kwamba utacheza.

Nianze na pawa saplai, na hapa nitakaa kidogo, maana ndicho kifaa kinachoua vingine. Niliwahi kuletewa mashine kutoka Shangani haiwaki kabisa. Nilipofungua kasha harufu ilinipokea kabla ya macho. Nikaichomoa pawa saplai, nyepesi kama kopo tupu. Ubavuni imeandikwa 500W kwa herufi kubwa, na chini yake kuna jedwali dogo la ampia ambalo mwenye mashine hakuwahi kulisoma. Mstari wa +12V ulisema 16A. Zidisha: 12 mara 16 ni 192. Hizo ndizo wati alizokuwa nazo za kulisha prosesa na kadi, kwa sababu vyote viwili vinakula kwenye huo mstari wa volti 12. Na kadi yake, RTX 3060, peke yake imepangiwa wati 170. Alidumu miezi minne. Siku moja umeme uliporudi, pawa saplai ilikwenda na mazabodi na SSD (diski ya kuhifadhia) kwa mpigo. Kadi ilipona.

Kwa hiyo kabla hujalipa, mwambie muuzaji akupigie picha ya ile lebo. Ya kweli ya 550W itakuonyesha +12V kama 45A, yaani wati 540, karibu sawa na namba iliyoandikwa kubwa. Ukiona pengo kubwa kati ya hizo mbili, achana nayo hata kama ina stika ya 80 Plus. Stika hiyo inazungumzia ni kiasi gani cha umeme kinapotea kama joto, na stika yoyote inachapishika. Chukua 550W, au 650W kama tofauti ni ndogo, ya kampuni kama Corsair, Seasonic au Cooler Master, na iwe mpya ndani ya boksi. Kwenye mashine ninazounga natumia RAM ya mtumba, na kadi ya mtumba nikiijaribu. Pawa saplai ya mtumba sijawahi kumwekea mtu na sitamwekea.

Ukishapata hiyo, UPS. Kwetu huku hiki si kifaa cha ziada. Utakuta zimeandikwa VA, na VA si wati: ya 650VA kwa kawaida inabeba kama wati 360 hadi 390, ya 1000VA karibu 600. Msimu huu mashine yako itakula kama wati 100 ukiwa unacheza, kwa hiyo 650VA ingetosha. Ila msimu ujao ukiweka kadi utafika 280 au hata 300, ongeza TV, na utakuwa umeibana UPS hadi mwisho. Nunua ya 1000VA mara moja, yenye kurekebisha volti ndani yake, ili stabilaiza usihitaji. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima vizuri. Usijidanganye kwamba utamalizia mechi. Na umeme ukikatika, chomoa UPS ukutani, subiri urudi na utulie dakika kadhaa ndipo uchomeke. Kile kishindo cha kurudi ndicho kinachoharibu vifaa kuliko giza lenyewe.

Kwa kuwa nimegusa wati, mweleze mama mapema. Wati 100 kwa saa kumi ni uniti moja ya LUKU. Ukishaweka kadi, uniti moja itakwisha kwa saa tatu na nusu hivi.

Prosesa: Ryzen 5 5600G. Ilitoka mwaka 2021, ina viini 6 na nyuzi 12, inakuja na feni yake kwenye boksi, na ndani yake kuna grafiki za Radeon. Ukikuta 5600GT, ni ndugu yake, chukua yoyote. Kuna watakaokwambia uchukue 5600 isiyo na G, na hawakosei wote: ina akiba ya ndani ya 32MB badala ya 16MB, na kwa mtu mwenye kadi ina kasi zaidi. Lakini 5600 bila kadi haitoi picha hata ya kuwashia. Ungekaa mwaka mzima na mashine nzuri isiyoonyesha kitu.

Kwenye 5600G, FC na GTA V kwa 1080p (pikseli 1920 kwa 1080) ukiweka mipangilio ya chini hadi ya kati unapata karibu fremu 60 kwa sekunde. Valorant inapita 100. Hiyo ni bila kadi yoyote. Ila kuna sharti moja ambalo wengi wanalikosa, na ni la RAM.

Grafiki za ndani ya prosesa hazina kumbukumbu yake, zinaazima kutoka RAM. Ukiweka kipande kimoja cha 16GB, umeziachia njia moja ya kupita. Vipande viwili vya 8GB vinafungua njia mbili, na tofauti unaiona kwa macho: gemu lililokuwa linakwama linaanza kutiririka. Kwa hiyo 2 x 8GB, DDR4, kasi ya 3200. Kwenye mazabodi yenye matundu manne, vipande viwili vinakaa tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, siyo vikigusana. Kisha ingia BIOS, ile mipangilio ya mazabodi yenyewe kabla ya Windows, uwashe XMP, mpangilio wa kasi ya RAM ambao wengine wanauita DOCP, la sivyo RAM uliyolipia 3200 itakimbia 2133 au 2400 na hakuna atakayekuambia. Nimekuta mashine zimekaa miaka miwili hivyo.

RAM ndiyo itakayokuumiza kwa bei. Tangu mwishoni mwa 2025 zimepanda sana dunia nzima, kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Hapo mtumba unakubalika kabisa, kwa kuwa RAM ni nadra kufa. Kompyuta za ofisi zinazouzwa zikiwa zimetolewa kazini, nyingi za kizazi cha sita cha Intel hadi cha tisa zina DDR4 ya saizi kamili. Zitakuwa na kasi ya 2133 hadi 2666, utapoteza fremu chache, lakini mwaka mmoja zinakuvusha. Angalia tu usiuziwe ya laptopu. Hiyo ni fupi na haiingii.

Sasa mazabodi. Utaambiwa mazabodi ya aina ya A520 inatosha na ni rahisi. Kwa leo inatosha. Mimi nakuomba ujikaze ufike B550, na sababu yake iko mwaka wa tatu. 5600G inaongea na kadi kwa PCIe 3.0 (barabara ya data kati yao; namba ikipanda, kasi inapanda). Siku utakapoitoa na kuweka kitu kama Ryzen 7 5700X yenye viini 8, B550 itaamka kwenye PCIe 4.0, A520 itabaki palepale milele. Chagua yenye matundu manne ya RAM na vipande vya bati juu ya sehemu inayolisha prosesa umeme, kwa sababu joto la pwani hii halina huruma. Ukinunua B550 ya mtumba, muulize muuzaji BIOS yake ni ya lini. Mazabodi hizi zilianza 2020, na zile za mwanzo kabisa hazikuijua 5600G mpaka zisasishwe.

Utaniuliza mbona nakupeleka AM4, soketi iliyoanza 2016, wakati AM5 ipo tangu 2022 na AMD wenyewe wameahidi kuihudumia hadi 2027 na kuendelea. Ni swali zuri na lilinisumbua. AM5 inakubali DDR5 tu, na DDR5 ya mtumba Mtwara huioni. Kwa 1,800,000 ungelipa soketi na RAM halafu ukabana pawa saplai na UPS, na hapo ndipo watu wanapoungua. Ungekuwa na mara mbili ya hiyo ningekwambia AM5 bila kusita.

SSD iwe ya aina ya NVMe, inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, ya 1TB. Ya 500GB itajaa upesi, GTA V peke yake inapita 100GB. Na kwa kuwa bando la kushusha gemu kama hilo ni maumivu, jua kwamba Steam, tangu 2023, inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kurithishana gemu bila kulishusha upya, kila mtu akiwa na akaunti yake iliyonunua. Mbebe mshikaji mwenye gemu aje na mashine yake.

Kasha: mbele wavu, siyo kioo. Feni mbili za kuvuta hewa ndani, moja ya kuitoa nyuma. Taa ni hiari yako.

Sasa chumba chako, na hapa nakuomba unisikilize kama kaka. Hiyo salfa itoke humo kabla kompyuta haijaingia. Watu wanadhani tatizo ni vumbi lake la njano, wanafunga mfuko vizuri wanaona yameisha. Salfa hata ikiwa imetulia inatoa mvuke kidogokidogo, na mvuke huo unakula fedha na shaba, madini yaliyomo ndani ya mazabodi. Maabara zinazopima uwezo wa vifaa kustahimili kutu hutumia ungaunga huohuo wa salfa kwa makusudi, ili shaba na fedha zichakae haraka. Wewe utakuwa unafanya jaribio hilo nyumbani, kwa hela ya mama. Tafuteni kibanda cha nje.

Chumvi ya bahari haikwepeki Mikindani, inapunguzwa tu. Usiweke mashine chini kwenye saruji wala mkabala na dirisha linalopokea upepo wa kusi. Iwashe mara kwa mara, kwa sababu mashine iliyozimwa wiki tatu kwenye chumba chenye unyevu ndiyo inayoshika kutu: utaona kwanza skrubu za nyuma zinaota wekundu, kisha ukijani palipo na shaba. Kila miezi miwili fungua ubavu, safisha kwa brashi laini na blowa, ukiishikilia feni kwa kidole isizunguke. Usipulize kwa mdomo, unapeleka mate.

Kuhusu kusafirisha kutoka Kariakoo, omba vitu vije kwenye maboksi yake, usikubali kuungiwa huko kisha mashine nzima ipakiwe kwenye buti la basi kwa zaidi ya kilomita 500. Kabla muuzaji hajavifunga kwenye maboksi, aviunge kwa muda kuvijaribu na akutumie video ya ukurasa wa BIOS ikionyesha jina la prosesa na RAM 16GB. Kuunga ni kazi ya mchana mmoja, na fundi yeyote makini wa Mtwara mjini atakaa nawe. Nakushauri mikono iwe yako, yeye asimamie. HDMI ya TV chomeka kwenye mazabodi, na kwenye TV washa hali ya gemu, la sivyo utabonyeza pasi na mchezaji atapiga baadaye.

Hiyo TV nayo, soma nyuma yake. Za inchi 32 nyingi ni pikseli 1366 kwa 768 tu. Kwa msimu huu ni nafuu kwako, 5600G itapumua. Lakini ina maana ile milioni ya msimu ujao usiimalizie yote kwenye kadi. Kadi kali kwenye TV hiyo ni hela iliyolala. Tenga sehemu kwa monita ya inchi 24 ya 1080p, ya 100Hz (picha 100 kwa sekunde) au zaidi.

Kadi yenyewe: kwa bei za mtumba nakuelekeza kwenye RTX 3060 ya 12GB, au RX 6600 ya 8GB ambayo ina wati 132 tu. Ya kwanza hakikisha ni ya 12GB kweli, maana kuna 3060 ya 8GB ambayo ni dhaifu. Kuna moja utakayoona kwa bei ya kuvutia, RX 6500 XT. Ikimbie. Ina njia nne tu za PCIe, na kwenye prosesa yako ya PCIe 3.0 njia hizo nne zinakuwa nusu ya kasi, halafu nyingi zina 4GB, kwa hiyo kila kumbukumbu inapojaa data inasongamana mlangoni. RX 6600 ina njia nane, utapoteza kidogo tu. 3060 ina zote 16. Kabla ya kulipa, muuzaji akuonyeshe GPU-Z ikiwa wazi, ni programu ya bure, na kadi ya zamani iliyobandikwa jina jipya itaandikwa FAKE mbele ya jina lake. Kisha gemu zito dakika ishirini mbele ya macho yako. Ukishaifunga, hamisha HDMI kutoka kwenye mazabodi uipeleke kwenye kadi. Unacheka, lakini nimeitwa nyumbani kwa watu kwa hilo.

Mwaka wa tatu, ukiona gemu mpya zinabanwa na prosesa, ndipo 5700X, au 5700X3D kama utaikuta kwa mtu. 5600G yako itanunuliwa haraka kwa sababu ina picha ndani. Siku ya kubadilisha, usiing'oe feni ikiwa ya baridi. Prosesa za AM4 zina miguu yake zenyewe chini, na pesti (ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni) iliyokauka inaweza kuivuta prosesa ikatoka na feni, miguu ikapinda. Cheza gemu dakika kumi pesti ilainike, zima, chomoa waya, fungua skrubu, kisha izungushe feni nzima pamoja na bati lake la kupozea, siyo mapanga yake, taratibu kushoto na kulia mpaka uisikie imeachia, ndipo uinue.